Mdogo Wangu na Bwawa la Hoteli: Fahari ya Mzazi Isigeuzwe Mshahara



Likizo ya Juni imefika tena. Najua wengi mnaosoma hapa mna wadogo zenu walioko sekondari, na wiki hizi baadhi yao watapata vikazi vya likizo. Wapo watakaouza duka Mwanga, watakaoanika dagaa Kibirizi, watakaobeba mizigo ya abiria wa boti na treni, watakaoosha vyombo kwa mama lishe. Na wazazi watafurahi, tena sana. Mzazi gani hafurahi kuona mtoto wake anarudi jioni na hela aliyoitolea jasho?

Leo nataka tuiongelee hiyo furaha. Iliingia nyumbani kwetu Ujiji mwezi Juni 2024, na ikanifunga mdomo mimi ninayesomea sheria. Nilinyamaza wakati nilipaswa kusema. Naandika ili mwaka huu wewe usinyamaze.

ZIWA LIMEFUNGWA, BWAWA LIKO WAZI

Baba yangu ni mvuvi. Hana cheo kingine, na hajawahi kukitafuta. Tarehe 15 Mei 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti. Nchi nne zinazochangia ziwa hili, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana lipumzishwe ili samaki wazaliane. Sibishani na hilo. Hata baba habishani nalo. Ni yeye aliyekuwa akituambia kila siku kuwa migebuka ya sasa ni vitoto mbele ya migebuka aliyoikuta yeye alipoanza kazi.

Lakini ziwa lilifungwa, matumbo hayakufungwa. Na msisahau hali ilivyokuwa: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023. Kwa hiyo mvuvi aliambiwa apumzike, na dirisha la mkopo ambalo kijana wake angeweza kugonga nalo lilikuwa limefungwa. Kila mtu ajitegemee na Mungu wake.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam najiandaa na UE. Jioni moja baba akapiga simu. Baba huwa hapigi, hubipu. Siku hiyo alipiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mdogo wako amepata kazi."

"Kazi gani baba, si yuko kidato cha tatu?"

"Ya likizo. Hotelini. Analinda bwawa la kuogelea. Wamemchukua kwa sababu anajua maji."

Anajua maji. Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, uwe umekulia huku kwetu. Hili ziwa ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal kule Urusi. Kina chake kinapita mita 1,400. Kwa mvuvi, kusema mtoto anajua maji ni kama profesa kusema mwanafunzi wake amepata A. Sasa fikiria: ziwa lote limefungwa, baba amekaa barazani na nyavu zake ziko ndani, halafu mtoto wake wa miaka 16 analipwa kulinda maji ya mita mbili yaliyochimbwa hatua chache tu kutoka ufukweni. Mimi nilicheka. Baba hakucheka hata kidogo. Alikuwa na fahari, na nilimsikia kwenye simu kwamba kifua kimepanda.

FULANA YA BLUU

Hoteli ilimpa dogo fulana ya bluu yenye nembo mgongoni. Mama anasema kila jioni baba ndiye aliyekuwa akiifua. Siyo mama, siyo dada zangu wadogo. Baba mwenyewe, na sabuni yake ya kipande. Halafu haianiki uani. Anaianika mbele ya nyumba, upande wa barabarani.

Wanaoijua Ujiji wanaelewa. Mwanaume wa umri wake kuanika fulana ya mtoto mahali ambapo kila apitaye kwenda msikitini ataiona, hilo ni tangazo. Na kwenye kahawa, pale wazee wanapokaa na vikombe vyao na kashata, mazungumzo yalikuwa ni fulana. "Mwanangu yuko hotelini." Alikuwa hana samaki wa kusimulia, akasimulia bwawa.

Siwezi kumlaumu. Miezi ile wavuvi wengi walikaa majumbani wakiwa hawana la kufanya wala la kusema. Mtu aliyezoea kutoka usiku wa giza na kurudi alfajiri, leo analala usiku kucha kama mgonjwa. Fahari ya mtoto ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kutokea nacho nje.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Hoteli ilikuwa na sherehe pembeni ya bwawa, muziki, nyama choma, wageni wamejaa. Ilikuwa yapata saa 3 usiku. Mtoto mdogo wa mgeni mmoja akateleza upande wenye kina kirefu. Watu wanacheza, hakuna aliyeona. Dogo akaona. Akaruka na fulana yake, akamtoa. Mtoto akakohoa, akalia, mama yake akalia zaidi. Meneja akampa dogo soda na sahani ya nyama, akampigapiga begani mbele za watu.

Habari ilifika mwaloni kabla ya jua kuchomoza. Baba aliisimulia wiki nzima. Aliponisimulia mimi kwenye simu, sauti yake ilikatika katikati. Sijawahi kumsikia baba hivyo.

Nilifurahi, sitadanganya. Lakini kuna sehemu ya kichwa changu iliyokuwa imetoka kusoma sheria za kazi wiki hiyo hiyo, nayo ikauliza: saa 3 usiku mtoto wa miaka 16 alikuwa anafanya nini kazini?

NILIPOFIKA NYUMBANI

Nilimaliza mitihani, nikapanda treni, nikashuka stesheni ya Kigoma mwishoni mwa Julai. Dogo alikuwa ameshamaliza kazi tangu tarehe 30 Juni, amerudi shule. Jambo la kwanza nililoliona ni vidole vyake. Ngozi ilikuwa imebanduka kwenye ncha, na mingine imekuwa myeupe.

"Hivi vidole vimefanyaje?"

"Ile dawa ya kuweka kwenye maji, dada. Inachoma kidogo. Imeshapona."

"Walikupa glavu?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama walimpa gari.

Nikamkalisha chini, nikachukua daftari. Tukapiga hesabu pamoja. Walikubaliana kwa mdomo shilingi 4,000 kwa siku. Alifanya kazi siku 26. Hiyo ni shilingi 104,000. Alilipwa shilingi 70,000. Nikauliza 34,000 imeenda wapi. Akanitajia bila shida, maana meneja alimsomea: chakula cha mchana, 500 kwa siku, jumla 13,000. Glasi mbili zilizovunjika siku ya sherehe, 6,000. Na fulana, 15,000.

Fulana. Ile ile ya bluu.

Yaani kile kitu ambacho baba alikuwa akikianika barabarani kama bendera, dogo alikuwa amekinunua kwa jasho la karibu siku nne. Na hakuwa amemwambia baba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Angejisikia vibaya, dada. Si unajua anavyoipenda."

Kumbe mtoto alikuwa anailinda fahari ya baba yake. Analinda bwawa mchana, akirudi jioni analinda fahari ya mzee.

SHERIA INASEMAJE

Sasa nivae koti langu la darasani kidogo. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikatazi mtoto kufanya kazi. Hilo watu wengi hawalijui, na ndiyo maana ukianza kuongea wanadhani unataka watoto wakae wanaangalia runinga. Kifungu cha 77 kinampa mtoto haki ya kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ilimradi haiharibu afya yake wala makuzi yake na haimzuii kwenda shule. Kusafisha bwawa mchana wakati wa likizo, ukiwa na glavu na mtu mzima anayekuangalia, mimi sina ugomvi nayo.

Kifungu cha 79 kinakataza kazi ya usiku kwa mtoto, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Ile Jumamosi ya ushujaa ilikuwa ndani ya saa zilizokatazwa. Kifungu cha 82 kinaorodhesha kazi za hatari kwa mtoto, na humo zimetajwa hata baa, hoteli na kumbi za starehe, pale ambapo mtoto anaweza kukutana na mwenendo usiofaa. Sherehe ya usiku yenye pombe pembeni ya maji, wewe iweke unapoona inafaa.

Halafu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Na sikilizeni hili, maana ni tamu: mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kifungu cha 16 kinamtaka abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi. Dogo anasema pale bwawani kuna ubao mmoja tu, unaowataka wageni waoge kabla ya kuingia majini.

Kifungu cha 28 kinahusu makato. Mwajiri hawezi kukata tu anavyojisikia. Kama ni deni, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Kama ni hasara, mfano glasi, iwe imetokea kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi ni kiasi gani na kimehesabiwaje, na apewe nafasi ya kujitetea. Dogo alisomewa makato siku ya malipo, amesimama, mikono nyuma.

Na kubwa kuliko yote ni hili. Tuseme ile Jumamosi dogo asingemwona yule mtoto. Mtoto angekufa. Nani angeulizwa? "Mlinzi wa bwawa alikuwa wapi?" Wangemtafuta mwenye fulana ya bluu. Hakufundishwa uokoaji, hakupewa hata boya la kurusha, hana umri wa kuwa kazini saa ile. Lakini lawama ingekuwa na jina lake. Sasa geuza: tuseme yeye ndiye angegonga kichwa kwenye ukingo wakati anaruka. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi na mfuko wake, WCF, ambao kila mwajiri anatakiwa kujisajili na kuuchangia. Ungeenda kudai fidia ya mfanyakazi ambaye hayumo kwenye orodha yoyote, hana hata karatasi moja. Pale wangesema: "Huyo? Alikuwa anasaidiasaidia tu."

Hapo ndo ubaya ulipo. Wakati wa lawama ni mfanyakazi. Wakati wa haki ni mtoto wa jirani aliyekuja kusaidia.

MAZUNGUMZO NA BABA

Nilihesabu siku. Madai ya namna hii yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Kutoka tarehe 30 Juni nilikuwa nimebakiwa na karibu mwezi mzima. Nikaenda kwa baba. Nilimkuta barazani anashona wavu, maana Agosti 15 ilikuwa inakaribia.

Nikamweleza taratibu. Nikamweleza glavu, usiku, makato. Nilipofika kwenye fulana nikasita, halafu nikasema.

Alinyamaza muda mrefu. Hakuinua macho kwenye wavu. Mwisho akasema: "Mama, mtu amempa mtoto wetu kazi wakati mimi sina. Nikamshitaki, watu waseme nini? Waseme mzee fulani hana shukrani? Na mwakani nani atamchukua mtoto wangu?"

Nikasema, "Baba, hiyo kazi hakupewa kama zawadi. Aliifanya."

Akasema, "Najua. Lakini niachie hiyo."

Niachie hiyo. Hapo ndipo niliponyamaza. Tuna ule msemo wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nikajificha nyuma yake. Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa, baba akarudi kazini. Mwishoni mwa Agosti siku 60 zikaisha. Nilizihesabu mpaka ya mwisho, sikuandika barua hata moja.

Nimelifikiria hili karibu mwaka mzima, na nimefika mahali naweza kusema. Baba hakukosea kujivunia. Mtoto aliamka alfajiri siku 26, hakuiba, hakulalamika, akaokoa roho ya mtu. Mzazi asiyejivunia hilo ana matatizo. Kosa letu ni kuruhusu fahari hiyo iingie kwenye hesabu ya malipo. Mwajiri alijua kuwa baba atafurahi. Alijua mvuvi asiye na ziwa hatouliza maswali. Kwa hiyo akalipa sehemu kwa shilingi, sehemu kwa kumpigapiga mtoto begani, na sehemu kwa fulana ambayo hata hivyo aliikata. Fahari ni ya mzazi, mshahara ni wa mtoto. Mmoja hawezi kulipwa kwa mfuko wa mwenzake.

"UKIDAI KARATASI HUTAPATA KAZI"

Najua mtaniambia hivyo, kwa sababu ndivyo alivyosema baba. Nimelichukua kwa uzito, maana siyo hoja ya kijinga. Kazi Kigoma ni chache, vijana ni wengi. Mmoja akidai karatasi, yupo mwingine nyuma yake asiyedai.

Lakini angalieni hiyo hoja inatupeleka wapi. Inasema haki ni anasa ya mwenye kazi nyingi za kuchagua. Ikiwa hivyo, basi sheria zote nilizowatajia ni za watu wa Masaki. Na dawa ya "yupo mwingine nyuma yake" ni moja tu: huyo wa nyuma naye adai. Mtu mmoja akidai anaitwa mkorofi. Watoto kumi wa mtaa mmoja wakienda na karatasi ile ile, inakuwa ndo utaratibu wa mtaa.

Wapo pia watakaosema, "Sisi tulikuwa tunaanika dagaa bure na hatukufa." Kweli. Mimi mwenyewe nimeanika dagaa Kibirizi tangu niko darasa la pili, nimekimbizana na kunguru mpaka nikachoka. Sikulipwa, na sidai. Ile ilikuwa kazi ya nyumba yetu, dagaa wa baba, ugali wa muhogo wa kwetu wote. Mtu wa nje akimwajiri mtoto kwa ajili ya biashara yake, asituletee lugha ya familia siku ya malipo. Kama ni familia, aje na kwenye msiba.

Huu mji wetu uijue historia yake. Ujiji ilikua kwa mizigo na mabega ya watu. Misafara ilitoka hapa kwenda pwani na kurudi, na wengi waliotembea njia ile hawakuulizwa kama wanataka. Wageni wanakuja mpaka leo kuona mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha. Majina ya waliobeba mizigo ya wazungu hao ni wachache wanaoyataja. Mji wenye kumbukumbu hiyo ungepaswa kuwa wa kwanza Tanzania kuuliza: huyu anayebeba, ameandikwa wapi?

NA SISI JE?

Hapa naomba msininunie.

Novemba 2024, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, tulizunguka mitaa ya Ujiji na Kigoma mjini. Tulihubiri ajira, ajira, ajira. Nilisikiliza wagombea wao na wetu. Sikusikia hata mmoja akiongelea masharti ya kazi ambazo vijana tayari wanazifanya. Tunaongelea ajira zitakazokuja kama vile hizi zilizopo hazina watu ndani yake.

Halafu tujitazame. Nani anapanga viti kwenye mikutano yetu? Nani anapanda nguzo kubandika mabango, nani analala na spika usiku ili zisiibwe? Wadogo zetu hao hao. Wanaojitolea kwa mapenzi ya chama, Mungu awabariki, na mimi ni mmoja wao. Lakini yupo yule dogo aliyeitwa kwa kazi, akaahidiwa hela, mkutano ukaisha viongozi wakapanda gari, yeye akabaki na soda na maneno "chama kinakuthamini". Hiyo tofauti yake na meneja wa bwawa ni ipi? Hatuwezi kuipigia kelele serikali kuhusu haki za wafanyakazi huku kijana wetu wa spika anadai tangu kampeni.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya, na nayaleta rasmi kwenye vikao vya vijana wa jimbo.

Moja, sisi wenyewe kwanza. Kijana yeyote anayeitwa na chama kufanya kazi ya malipo apewe karatasi yenye kiasi na siku ya kulipwa. Anayejitolea ajue tangu mwanzo kuwa anajitolea.

Mbili, kila tawi liwe na nakala za haki za mfanyakazi kwa Kiswahili, za kubandika na za kugawa. Tangu mwaka 2021 sheria yetu inatambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi tukitumie. Sisi tunaosoma sheria tupo, tunaweza kuandika ukurasa mmoja ambao mama lishe na mwanafunzi wa kidato cha pili watauelewa.

Tatu, ziwa likifungwa tena siku yoyote, madai yetu yasiishie kwenye "wavuvi wanateseka". Tudai mpango wa kipato cha familia uwe tayari kabla ya tarehe ya kufunga. Mzazi mwenye chakula ndani ana nguvu ya kuuliza mtoto wake analipwa kiasi gani. Mzazi mwenye njaa anashukuru tu.

MISTARI MITANO

Sasa wewe unayesoma, ambaye huna muda wa vikao. Mdogo wako akipata kazi likizo hii, mpe karatasi ya daftari yenye mistari mitano. Aende nayo siku ya kwanza, kwa adabu, na shikamoo yake.

Kazi ni ipi. Saa ya kuingia na ya kutoka, na kwamba haipiti saa 2 usiku. Malipo ni kiasi gani, na siku gani. Makato ni yapi, na kama hakuna, iandikwe hakuna. Vifaa vya kujikinga anapewa na nani. Chini: sahihi ya mwajiri, ya mtoto, na ya mzazi.

Hiyo sahihi ya mzazi usiidharau. Baba yangu angeiweka kwa mbwembwe. Angevaa kanzu, angekwenda hotelini, angesaini mbele ya meneja kama shahidi wa ndoa. Hiyo ndiyo fahari ninayoitaka kwa wazazi wetu: aingie mlangoni pamoja na mtoto wake, asome kilichoandikwa, aulize. Na akirudi kwenye kahawa asimulie kuwa mwanangu yuko hotelini, na nimesaini mimi.

Kama hajui kusoma vizuri, msomee. Kama mwajiri atakataa kusaini, umeshajua mapema ni mtu wa namna gani, na bado hujapoteza siku hata moja.

Dogo mwaka huu hafanyi kazi, yuko kidato cha nne, nimemwambia asome. Lakini rafiki yake wa mtaa wa pili ameitwa pale pale bwawani. Jana jioni alikuja nyumbani kuulizia ile karatasi. Nilimwandikia, na baba alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Tulipomaliza, baba akasema: "Mwandikie na fulana. Iandikwe fulana ni ya hoteli, asikatwe."

Nikauongeza, ukawa mstari wa sita.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa vijana, kutoka Ujiji.